Kigoda Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Wiki ya saba. Jasho, vumbi, magoti. Ukumbi wetu hapa Lodwar una joto la tanuri hata madirisha yakiwa wazi. Nina miaka sitini na saba. Ni mimi peke yangu niliyepiga sare yangu pasi.

Tulianza kwa dakika tano za kufumba macho na kunyamaza. Akiru, anayetufundisha karate, anasema kichwa hutangulia ngumi. Nilimfundisha darasa la sita na kumpigisha magoti mara mbili kwa kuchelewa. Sasa namwinamia mimi. Sipendi.

Niliketi juu ya ekicholong yangu, kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia na pia hukilalia kichwa. Nilipofumbua macho, wenzangu walikuwa wameshapiga ngumi mia moja. Ekai wa bodaboda aliuliza, "Mzee, kesho tukuletee blanketi?" Walicheka wote. Sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Presha bado iko juu. Muuguzi, ambaye ndiye aliyenishauri nitafute mazoezi ya kutuliza akili, aliniuliza ni mambo gani hunikasirisha. Nilianza kumtajia. Alinikatiza kwenye jambo la kumi na moja, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Mwezi wa Januari nilianguka kanisani nikimkemea mtu ambaye simu yake ililia wakati wa sala. Nilizinduka hospitalini. Tangu hapo mke wangu Selina hulala mkono wake ukiwa kifuani mwangu, akisikiliza moyo. Nami najifanya sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Akiru amekipiga marufuku kigoda. "Mwalimu, kikae mlangoni pamoja na viatu." Nilimweleza kwa utaratibu kwamba ekicholong ya mzee haiwekwi na viatu, tena mwanamke haikalii kamwe. Selina hajaikalia kwa miaka arobaini. Akiru alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Nilipiga magoti sakafuni. Sikusinzia, maumivu hayakuruhusu. Badala yake nilihesabu makosa ya wenzangu. Ekai anapumua kama ngamia. Watu watatu hawakufunga mikanda sawasawa. Dakika tano zilipokwisha nilikuwa na hasira zaidi kuliko nilipoanza.

Nilimwambia Akiru ukweli. Hakucheka. Alisema, "Akili ni mbuzi, Mwalimu. Akitoka kundini usimpige. Mrudishe tu."

Nilichunga mbuzi utotoni. Niliwapiga.

Jumamosi, 8 Machi

Akiru ametangaza mtihani wa mkanda wa manjano. Kakuma, Jumamosi ijayo. Kila mtu atafanya kata peke yake mbele ya watu wote: hatua ishirini za kupigana na maadui wasioonekana.

Naogopa. Nimeandika, basi. Miaka thelathini na minne niliwatahini watoto wa watu, na nikikosea ubaoni nilifuta kabla hawajaona. Kule hakuna cha kufuta.

Nilimwambia Selina huenda nikaugua wiki ijayo. Akajibu, "Ugua tu. Sare nimeshaifua."

Jumatano, 12 Machi

Kata mara kumi nyuma ya nyumba. Bila kosa. Jirani amemuuliza Selina kama nimeanza kulewa.

Jumamosi, 15 Machi

Kakuma. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa bado kinazunguka.

Mtihani ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Niliacha kigoda mlangoni pamoja na viatu vya watu, kimoyomoyo nikikiomba radhi. Miongoni mwa watahiniwa kutoka kambi ya wakimbizi alikuwamo Mama Nyakim, mama wa Sudan Kusini anayeuza vitenge, mrefu hata akainama kupita mlangoni.

Niliitwa wa kwanza. Niliinama. Hatua kumi na moja zilikwenda barabara. Ya kumi na mbili hugeukia mlango. Niligeuka kwa ngumi, nikamwona Mama Nyakim ameketi juu ya ekicholong yangu.

Kichwa kikawa tupu. Kulia, kushoto, vyote vilitoweka. Nikabaki nimemnyooshea ngumi. Naye, kwa adabu, akanipungia mkono.

Damu ilinipanda masikioni. Hotuba nzima ilikuwa tayari kinywani, kuanzia mila hadi mwenendo wa vijana wa siku hizi. Hapo hapo nikaukumbuka mkono wa Selina. Nikavuta pumzi. Mbuzi huyo, ametoka. Sikumpiga.

Nilimgeukia mtahini nikasema, "Nimesahau." Sikumbuki kulitamka neno hilo mbele ya watu hata mara moja. Kisha Ekai akapaza sauti, "Rudia, Mwalimu! Hata bodaboda huzima!" Mtahini aliniruhusu kurudia wengine wakimaliza.

Nilitoka hadi mlangoni. Mama Nyakim alijaribu kuinuka, akashindwa. "Samahani, baba. Mimi naogopa. Miguu iko nakataa." Mila yote niliijua, kipengele kwa kipengele.

"Keti," nikamwambia. "Mimi pia naogopa."

"Wewe? Mzee mzima?"

"Mzima kabisa."

Alicheka hadi akashika tumbo. Nilipiga magoti kando yake tukavuta pumzi pamoja mpaka akaitwa. Alipopiga ukelele wa karate, njiwa waliruka darini. Amefaulu.

Kisha nikarudia. Hatua zote ishirini. Kwenye ya kumi na mbili niligeukia mlango. Mama Nyakim alikuwa amekikalia kigoda tena, anapiga makofi. Nikaendelea.

Sikufaulu. Mtahini alisema nasimama kama mlingoti, na kurudia kumeninyima alama. Nijaribu tena mwezi wa Juni. Nimekubali. Alisema kweli.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani simu ililia wakati wa sala. Mtu yule yule, mlio ule ule. Ililia kwa muda mrefu. Selina alinitazama mimi, hakumtazama mwenye simu. Mbuzi alitoka. Nikamrudisha. Akatoka tena. Nikamrudisha.

Mchana, joto kali. Nilitandika mkeka barazani. Selina alikuwa amesimama akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamsogezea ekicholong. "Keti."

Alitazama ua wa jirani kwanza. Kisha akaketi.

"Kumbe ni kigumu hivi," alisema.

Nikalala. Nilipoamka, hakukuwa na mkono kifuani mwangu. Selina alikuwa bado juu ya kigoda, amenipa mgongo, akichambua maharagwe yake taratibu.