Mzee Clive kwenye orodha ya waliopigwa marufuku

Eucabeth, tangazo rasmi: mlinzi bora kuliko wote katika mtaa huu wa Olaya, huku Uarabuni, yaani mimi, huenda akarudishwa Kenya leo.

Unamkumbuka Mzee Clive, yule Mwingereza mpole wa kampaundi yetu anayelisha paka? Nilipata picha yake ya 1977 akiwa mwanamuziki wa punk. Pini shavuni, anatemea kamera mate. Kwa mzaha nikaibandika kwenye kibanda cha walinzi, kati ya picha za waliopigwa marufuku kuingia, na jina lake chini.

Hillary, mgeni kazini, akaona jina hilohilo kwenye kitambulisho cha mzee na kumzuia getini. Nusu saa juani, na mzee hakufoka.

Bosi akafika. "Hillary, halas, imetosha. Lete ikama." Yaani kibali cha ukaazi; bosi akikichukua, unarudishwa nyumbani.

Mzee akasema, "Mwache, anafanya kazi yake. Hata yale mate, mpiga picha ndiye aliyeniomba niteme. Mimi nilikuwa naogopa watu."

Aliombwa, Eucabeth. Aliombwa kutema.

"Nani alibandika?" bosi akauliza.

Nikainua mkono kama tuko paredi. "Ni mimi, bosi."