Kengele Ambayo Hukuibonyeza

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana wa kuniitikia marahaba hayupo. Nina jambo la kukukiri, nimechoka kulibeba peke yangu.

Unakumbuka nilipokuwa mtoto hapa Junda, ukiniita nami najibu "Nini?" kutoka uani? Ulikuwa unakuja na mwiko mkononi. "Ukiitwa huulizi nini! Sema abee, kisha uje. Mengine utayajua ukishafika." Nikajifunza. Hata nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza simu na redio pale Ziwa la Ng'ombe, mteja akiniita naitika abee, wakawa wananicheka.

Kisha kiharusi kikakunyang'anya sauti na upande wote wa kulia. Nikafunga kibanda, nikahamishia meza yangu jikoni kwako. Sasa ungeniitaje? Ndipo nikakutengenezea kengele: kitufe kando ya mkono wako wa kushoto, waya juu ya mlango ukavuka ua, na kwangu jikoni chipu isiyozidi ukucha, inayotumia betri ndogo ya saa. Nilikuwa nakueleza huku nakunywesha uji, nawe unanitazama tu. Kila mguu wa chipu, yaani kila kijino chake cha chuma cha kuungia waya, nilikwambia, lazima uambiwe kazi yake: huu wa kusikiliza, huu wa kusema. Wa kusikiliza niliufunga kwenye kitufe, wa kusema kwenye kengele. Iliyobaki bila kazi nayo huiachi hivi hivi, la sivyo itakula betri bure. Hiyo niliituliza yote.

Niliokosea ni ule wa kusikiliza. Kitufe kisipobonyezwa, mguu ule hauna pa kushika. Sharti uuegemeze upande mmoja kwa mstari mmoja wa maagizo unaoandikiwa chipu, nami niliusahau, ama utayumba na kudaka umeme wa hewani. Feni ikiwashwa, kengele inalia. Chaja ikichomekwa, inalia. Naacha vitunguu vinaungua, "Abee mama!", nafika, nawe unatikisa kichwa: hukuita. Lakini ulikuwa unatabasamu kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki. Mara kumi kwa siku. Nilichoka, mama. Nilichoka mpaka nikakuchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Siku nilipouandika mstari ule, kengele ikanyamaza. Raha iliyoje! Nikatengeneza redio za watu asubuhi nzima. Nilipokuja adhuhuri kukulisha, nikakuta shuka limelowa mpaka limeanza kukauka, na kitufe kiko chini ya vidole vyako.

"Mbona hukubonyeza?" nikafoka.

Ukatazama ukutani. Siku ya pili nikakuta glasi ya maji iko shubiri moja mbali na mkono wako, na midomo imekukauka. Hapo nikafahamu kwamba hukuwahi kubonyeza hata mara moja. Ulikuwa unaona haya kunisumbua. Kama si kosa langu, ungelala na kiu tangu siku ya kwanza.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilikuja mwenyewe. Sikuja. Nilijijua: nikiinamia kazi, dunia siioni. Basi nikaifundisha chipu uongo: ilale, iamke kwa saa yake, ilize kengele kana kwamba umeita. Nami, "Abee mama!" Ijumaa moja kaka Swaleh alikuja kukuona kutoka Magongo, ukamwonyesha kwa mkono: mimi, mlango, kisha kifua chako.

Akacheka. "Wallahi mama yuakusifu. Yuasema waja hata hajakwita."

Nikainamisha kichwa. Sifa ile haikuwa yangu, na sikukwambia.

Arobaini yako imepita. Chumba kimefagiliwa, kitanda kimetolewa. Kengele sikuigusa. Chipu ile hula betri kidogo mno, ndivyo nilivyoipanga. Wewe umekwenda, yenyewe imebaki. Ikaendelea kulia, nami nikaendelea kuitika, nafika mlangoni, narudi. Swaleh akanambia niitoe betri, nisije nikajitia wazimu. Nikamwambia kesho. Na kesho yake nikamwambia kesho.

Juzi nilikuwa nakaza skrubu za redio. Nikajikuta nimesimama, "Abee mama!", nimeshavuka ua na kushika pazia la chumba chako. Ndipo nikatambua kwamba sikusikia kengele. Nikarudi jikoni nikaipima betri. Ilikuwa imekwisha, kavu kabisa, tangu lini sijui. Sijui ni siku ngapi nimekuwa nikija bila kuitwa.

Ile sifa uliyonipa mbele ya Swaleh, mama, niruhusu niichukue sasa.

Pumzika. Uite usiite, naja.

Abee,
Kitindamimba wako