Kambale gani?

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Donc Kambale ni jina la mutoto mwanaume wa pili tu! Nilipotoka Kisangani, muzee aliyenifundisha ualimu aliniambia: "Ukifika Butembo, tafuta Mwalimu Kambale. Atakushika mukono kwa kazi." Leo nikamuuliza directeur wa masomo yetu, mukubwa wa shule, Kambale huyo anakaa wapi. Alicheka mpaka machozi.

"Kambale gani? Huku kwetu kila mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale! Balimu Kambale wanajaa muji."

Nilikasirika, mais nikacheka naye. Vita imefunga barabara na kukata simu, hapana njia ya kumuuliza muzee tena. Naogopa kuzeekea hapa bila mutu wa kuniambia: hapa umekosa, fanya hivi.

Kisha, pale shuleni na njiani, nikasalimia bakina Kambale wengi. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza jina langu, wala aliyesema anamujua muzee wangu.