Ilunga Hajui Kupiga Madimba

Tata,

Ile sinema yako imeonyeshwa. Alfonsi, yule karani wa reli aliyejinunulia kamera bila misioni wala serikali kumtuma, alitundika shuka ukutani kwake na mtaa mzima ukaja. Nikakuona unacheka, meno yote nje, na sisi tumekuzika tangu mvua za kwanza. Mama alitoka kwenda kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Kwa sababu pembeni yako, kwenye upande wangu wa madimba, amekaa Ilunga.

Ilunga mtoto wa dada yako, fundi wa gita, hilo sikatai. Lakini madimba yetu, mbao zile tunazogonga kwa vijiti, ni ya watu wawili, mmoja aite, mwingine aitike, na tangu usichana wangu aliyekuitikia ni mimi. Kwenye harusi mimi, kwenye vilio mimi. Siku ya kamera Alfonsi akasema anataka mzee na kijana wa kiume, "mwanamuke ataharibu picha." Nikangoja useme neno. Ukasema, "Sogea kidogo, mama. Hii iko picha tu." Nikasogea. Kamera yenyewe haishiki sauti, basi Ilunga akawa anapunga vijiti kama anayefukuza nzi.

Picha tu. Sasa ndugu zako wamekata shauri: siku ya kuondoa kilio chako, tukimaliza matanga, madimba atapewa Ilunga, eti wote wamemwona akipiga nawe. Nikasema hajui. Wakanicheka: "Tulimuona na macho yetu, weye unabisha nini?" Ilunga akatazama viatu vyake.

Wewe uliyekuwa unamkemea hata chifu, ulishindwaje na karani mmoja? Ungesema tu, huyu ni binti yangu, tunapiga pamoja. Kwa nini, Tata? Ulikuwa mwema kwangu miaka yote, na siku moja hiyo ndiyo inanichoma.

Mbao za madimba nimezifungua, nimezificha kwa Mama. Nakuahidi nitazirudisha siku ya kilio, mbele ya wote. Nitakaa upande wako. Ilunga atakaa pale pale walipomwona, nami nitamwita, kwa nguvu, ule wimbo wako wa kuanzia.

Lala salama, Tata. Ukisikia naita na hakuna anayeitika, utajua siku ile ya kamera nilikuwaje.

Binti yako,
Ngoie