Siku Arobaini na Moja Bila Jibu

Jinan, 9 Novemba

Dada Cuiping mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba mguu wa mama umeacha kuvimba. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu yako hupitia ofisini kwetu.

Tangu gazeti nililoliandikia lifungwe nimewaambia kwamba natunga matangazo. Si kweli. Nakagua maandishi ya watu mtandaoni. Kila asubuhi ofisi ya mji hutuletea orodha ya mambo yasiyotakiwa. Namna ya kuyaondoa huiachia kampuni yetu. Zamani tulifuta, watu wakapiga kelele. Mkuu wetu, Bi Qu, akabuni njia nyingine: andiko linabaki kwenye simu ya mwenyewe, ila hakuna mwingine anayeliona. Alitueleza, huku akimenya chungwa, kwamba anayefutiwa hukasirika, lakini anayekosa wa kumjibu huchoka mwenyewe. Afisa wa mji alicheka, akasema Bi Qu huyu serikali ilichelewa kumwajiri.

Kiwanda cha rangi kilipolipuka saa nane mchana, kiliwekwa juu kabisa ya orodha. Mwili wa shemeji Genmao haukupatikana, na wenye kiwanda walidai alitoka saa sita, hivyo si miongoni mwa waliokufa. Ukaandika kuomba yeyote aliyemwona baadaye ajitokeze. Umeandika siku arobaini na moja. Ulimwambia mama kwamba majirani wana roho za mawe, ukaacha kuwasalimia.

Dada, hawakuona kitu. Maandishi yako niliyaficha mimi. Bi Qu aliyaleta mezani kwangu makusudi, akasema, “Haya mwandishi, tuone kama mkono unatetemeka.” Haukutetemeka.

Mtu mmoja aliliwahi andiko la kwanza kabla sijalificha: Hou Delin, fundi wa mitungi ya rangi kiwandani humo. Alikujibu kwamba saa nane kasoro dakika kumi shemeji alikuwa ndani, akimtania, “Mzee Hou, chai yako ina rangi kuliko kiwanda kizima!” Nililiondoa jibu hilo kabla hujalisoma. Kanuni inataka jina la shahidi lipelekwe kwa afisa. Nililipeleka. Sasa Hou ametia saini kwamba siku ile alikuwa likizo.

Jana hesabu ya waliokufa ilifungwa. Shemeji hayumo.

Leo asubuhi umeomba kwamba kama kuna hata mmoja anayekusoma, akuwekee alama tu. Nilisoma, nikaficha, nikaenda kula.

Mfikishie mama salamu zangu, na umwambie ale vizuri.

Mdogo wako,
Zhongliang