Ndege Uliyoiacha Bila Rangi

Mama Furaha wangu,

Nimechoka. Ungekuwepo ungeniambia nikae chini, ninywe maji, ndipo niongee. Basi chukulia kwamba nimekaa na maji nimekunywa. Bado nimechoka. Binti yetu anaolewa kesho, kwa watu wa ziwani kule Mununga, na nyumba imejaa shangazi zake na masufuria ya kuazima. Kila anayepita ananiuliza kitu fulani kiko wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikijua vitu vilipo humu ndani. Nimewakimbia. Niko nyuma ya nyumba, kwenye ile meza yetu yenye madoa ya rangi, nakuandikia kabla giza halijaingia.

Nataka nikueleze habari ya ndege yako ya mwisho. Ile nyeupe ya mti, yenye injini mbili, ambayo nilikuwa nimeichonga mwanzoni mwa mvua. Uliipiga msasa ukaimaliza, ukachora kwa kalamu ya risasi mahali pa kupita mstari wa buluu, ukaiweka juu ya kabati, ukasema kesho yake tunaanza rangi. Kesho yake uliamka na homa. Hukurudi tena kwenye meza hii.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi kule Pweto nilikuwa mshusha mizigo kwenye uwanja wa ndege, ndege nilizijua kwa tumbo na milango yake, si zaidi. Tulipokimbia tukafika kambi ya Mantapala, huku Zambia, na mikono haina kazi, nikaanza kuokota maboya ya zamani waliyoyatupa wavuvi wa Kashikishi, yale ya mti mwepesi wa majini, nikachonga ndege za kutundika. Mzungu mmoja aliyenunua alisema mti huo ni balsa. Sikumbishia, alikuwa ameshalipa. Ya kwanza kabisa niliipaka rangi iliyobaki ya mtumbwi, nene, mara moja, nikaona nimefanya kazi. Ukaiinua, ukaigeuza, ukaniuliza kwa upole wako ule wa kuudhi:

“Baba Furaha, hii ni ndege ao ni mutumbwi?”

Nilinuna siku nzima. Wewe ukachukua kisu ukaikwangua rangi yote, ukaanza upya. Tangu siku ile mimi nikawa mchongaji, na wewe ukawa mwenye rangi.

Nilikuwa sielewi kwa nini mti mwepesi vile unahitaji subira nyingi vile. Ulinifundisha bila kunifundisha, kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu nakuangalia. Unapiga msasa kufuata nyuzi za mti, si kuzikata. Unachanganya vanishi nyepesi na poda ya watoto ili izibe vitundu, unapaka, unaacha ikauke, halafu unaisugua karibu yote mpaka mti uonekane tena. Nilikuwa nakuambia unatupa vanishi bure. Unapaka tena, unasugua tena. Mikono yako ilinukia poda siku zote, hata wanawake wa bombani wakakuuliza umezaa lini, ukawajibu kwamba umezaa kweli, ila mtoto ana mabawa. Walicheka wiki nzima.

Na shavu lako. Hukuwa unapima kwa vidole. Ulisema vidole vya mtu anayelima mihogo havisikii tena kitu, bali shavu lingali jipya. Ulipitisha bawa shavuni, ukafumba macho, na mimi nikasubiri hukumu. Mara nyingi hukumu ilikuwa neno moja: “Haiyaisha.” Haijaisha. Nami nilikuwa nimeshamwambia mteja aje kuchukua.

Kazi yangu siku za rangi ilikuwa kushika. Mti ule ukipakwa upande mmoja tu, unavutwa na rangi na kupinda, kwa hiyo ulipaka juu na chini kwa mkupuo mmoja, na mtu alitakiwa kuishika kwa pua yake, hewani, mpaka ikauke. Mtu huyo nilikuwa mimi. “Shika,” unaniambia. “Usipumue.” Nikashika, mkono ukafa ganzi, nzi wakanitembea usoni, wewe unazunguka na brashi kana kwamba mimi ni msumari uliopigiliwa ukutani. Magomvi yetu mengi yaliishia pale, Mama Furaha. Hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira kabla rangi haijakauka, na ikishakauka tulikuwa tumeshasahau tulianza na nini.

Tangu tukuzike sijamaliza hata moja. Nachonga, natundika kwenye paa zikiwa uchi, basi. Watu wakiuliza zitapakwa lini, nawajibu kwamba fundi wa rangi amesafiri. Wengine wanajua, wengine hawajui, na sina nguvu ya kueleza.

Halafu Furaha akaja na ombi lake. Shangazi zake wanahangaika na sahani na mablanketi ya kwenda nayo, yeye akasema kwangu anataka kitu kimoja tu, ile ndege ya mama, ikiwa na rangi yake. Nilimkubalia, kisha nikakaa nayo siku nyingi bila kuigusa. Nikiipaka, ile mistari yako ya kalamu itafunikwa, na mahali ambapo kidole chako kiliacha alama karibu na mkia patafunikwa pia. Nikiiacha hivyo, unyevu wa ziwa utaila. Tayari ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya kijivu. Niliona afadhali ifunikwe kuliko kuoza.

Basi mwanzoni mwa wiki hii, shangazi wakiwa wamekwenda sokoni, nikaitoa. Nikachanganya vanishi kama ulivyochanganya. Lakini sikuwa na wa kushika. Ningeweza kumwita jirani, ila sikutaka mtu mwingine aje kwenye meza yetu hii. Nikailaza mezani kwa tumbo lake, nikapaka upande wa juu, nikajiambia kwamba chini nitapaka asubuhi. Najua, najua. Hata mimi nilikuwa najua wakati napaka. Nilikuwa nimechoka, nikataka iishe.

Asubuhi mabawa yote mawili yalikuwa yameinuka juu, yamejikunja. Ndege yako, msasa wako wote, kila mara uliyoipitisha shavuni. Nilikaa nayo magotini nikalia, na sioni haya kukuambia.

Furaha alinikuta hivyo hivyo. Alikuwa anasukwa, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu imesimama. Akaichukua mikononi mwangu, akaigeuza, akaona upande wa chini haukupakwa kitu.

“Baba, juu ya nini ulipaka ngambo moya tu?”

“Hakukuwa mutu wa kushika,” nikamjibu.

Nikamwambia aache, nitamtafutia sufuria kubwa nzuri kama wenzake, ndege imekwisha haribika. Akaingia ndani. Niliwasikia shangazi wakimwita arudi kwenye kigoda amalize nywele. Akatoka amejifunga kitenge chako kile kilichopauka, ana brashi yako na kikopo cha vanishi. Akanikabidhi ndege pua ikinielekea, vile vile kama wewe.

“Shika, baba. Usipumue.”

Sikujua kwamba alikuwa anatuangalia miaka yote ile. Alipaka chini, vanishi nyembamba sana, kutoka tumboni kwenda nchani, kisha akakaa nami tukasubiri. Kadiri ilivyokauka, mabawa yakaanza kuvutwa kurudi chini, polepole. Shangazi zake walikuja mlangoni kugomba, wakatuona, wakarudi ndani. Siku zilizofuata tukapaka nyeupe, juu na chini pamoja, mimi nikishika. Bawa la kulia limenyooka kabisa. La kushoto bado limeinuka kidogo kwenye ncha, na sidhani kama litashuka tena. Mistari yako haionekani sasa. Ile alama ya kidole karibu na mkia, Furaha alipofika hapo aliinua brashi akapita kando.

Jana nikamkumbusha kwamba mstari wa buluu bado. Akaipitisha ndege shavuni, akafumba macho.

“Haiyaisha,” akasema. “Nitaimaliza kule.”

Nikamuuliza nani atamshikia kule, maana nilidhani hajafikiria. Akaanza kuosha brashi.

Leo mchana mkwe wetu alikuja kuchukua mizigo ya Furaha. Ni kijana mrefu, mkimya, mikono imekakamaa kwa kuvuta nyavu. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na kwa heshima ambayo Wabemba humpa baba mkwe hakunikaribia wala kunitazama usoni, alisimama mbali kando ya uzio. Walipakia mablanketi na sahani. Ndege Furaha hakutaka ipakiwe. Akamwendea nayo pale mbele ya watu wote, akamkabidhi kwa pua.

“Ikata,” akamwambia kwa lugha ya kwao. Shika.

Kijana akashika. Hakujua ni ya nini, na hakuuliza. Furaha akazunguka nyuma yake, akarekebisha uzi wa kutundikia uliokuwa umening'inia kwenye mkia, bila haraka hata kidogo, na yule kijana akasimama kimya mkono umenyooka, akijitahidi asitikisike. Nilimwangalia kifua chake, Mama Furaha. Hakuwa anapumua.

Lala vizuri. Mtoto wetu amepata wa kumshikia.

Ni mimi, niliyekuwa nakushikia,
Baba Furaha