Kabati la Vifurushi Kanisani

Jumatatu, 3 Machi

Bado nazunguka mtaa wetu wa Free Area na ramani ya ofisi, natafuta pa kuweka kabati la vifurushi vya wateja. Vumbi mpaka kwenye meno. Pikipiki moja ya umeme ilete mizigo yote mahali pamoja, watu waifuate kwa miguu, mafuta yasichomwe bure mlango kwa mlango. Hilo naliamini. Nimechagua ukuta wa posho mill, pale wanaposaga unga. Kuna taa, watu wa kila aina hupita, hakuna anayemchunguza mwenzake. Pia namfikiria Mum. Tangu Baba apooze anavaa nepi, na Mum huzifuata mpaka town ili majirani wasijue.

Ijumaa, 14 Machi

Bosi amekataa posho mill. Kabati linaenda kanisani kwetu. Kuna ua, kuna soja wa kulinda geti, stima ya bure.

"Hapo ni safe. Na ni Wakristo," akasema.

Pale kila siku kuna kwaya, kuna akina mama, kuna vijana. Wote wanatujua.

Jumatano, 26 Machi

Sasa mizigo yote ya mtaa inaletwa kanisani, na nepi za Baba alizoagiza Mum ziko ndani ya kabati. Mum ameenda tena leo, akakuta akina mama wanafagia, akajifanya amepitia kuwasalimia. Amerudi mikono mitupu. Ofisini bosi analalamika kwamba kabati limejaa na watu hawachukui.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya matangazo ya harusi, katibu wa kanisa alisimama kusoma majina ya wenye mizigo iliyokaa sana. Ofisi yetu ndiyo iliyomtumia orodha. Mimi sikuambiwa. Kwa bidii yake akasoma hata maelezo ya kilichomo ndani ya kila kifurushi. Akafika kwa jina la Mum.

"Nepi za watu wazima, saizi kubwa."

Mtu akacheka huko nyuma. Vichwa vikageuka kumtazama Baba kwenye kiti chake cha magurudumu. Baba akaangalia magoti yake. Mum aliimba wimbo uliofuata mpaka mwisho. Nawachukia wote.

Jumatatu, 31 Machi

Kabati ni tupu. Nani angengoja kutangazwa tena? Bosi anachekelea. Anataka matawi ya Naivasha na Rongai yafanye vivyo hivyo, kabati kanisani na majina kwenye matangazo, na mimi ndiye wa kuandika huo mpango. Nikamwambia mmoja wa waliosomwa ni mamangu. Akasema pole, akanipa mkono, kisha akauliza mpango utakuwa tayari lini. Kinyaa kitupu. Nilienda kunawa.

Alhamisi, 3 Aprili

Ule mpango wa bosi sijauandika hata neno. Jioni nimemkuta Mum mezani na mkasi, anakata mashuka vipande vipande vya kumfunga Baba badala ya nepi. Hataagiza tena. Nikaanza kumwambia kwamba bado naweza kupigania ule ukuta wa posho mill.

"Wachana na hiyo maneno. Shika hapa."

Nikashika upande mmoja, yeye akakata. Lilikuwa lile shuka la maua, la wageni.